Mguu wa breki unapokufa ganzi

"Daktari, naendesha teksi Dar mwaka wa tisa sasa. Gari ni IST, si yangu, kila siku napeleka hesabu. Nina miaka 43. Natoka Mbagala saa 11 alfajiri, narudi saa 3 au saa 4 usiku. Miezi miwili hii mgongo unauma chini kabisa, maumivu yanashuka tako la kulia, nyuma ya paja hadi pembeni ya mguu, na kidole gumba cha mguu kinakufa ganzi. Napata nafuu kwa diklofenaki, asubuhi kidonge na jioni kidonge, siku mbaya nachoma sindano. Maji nakunywa kidogo kwa makusudi, maana ukiwa kwenye foleni huwezi kushuka ukajisaidie. Juzi duka la dawa walinipima presha wakasema 158 kwa 96. Kijiweni wananiambia ni ngiri imepanda, nitafute dawa ya mizizi. Wengine wanasema figo. Je, ni ngiri, figo au presha? Na naweza kuendelea kuendesha?"

Pole sana, kaka. Umeuliza kama vile jibu ni moja kati ya hayo matatu. Ninavyosoma maelezo yako, una mambo mawili yaliyokutana kwenye kiti kimoja: diski ya mgongo inayobana mshipa wa fahamu, na presha ambayo bado haijathibitishwa lakini si ya kupuuza. Ngiri haimo. Figo hazimo bado, ila unazitafutia balaa taratibu kwa hizo diklofenaki mbili za kila siku unazomeza mwili ukiwa mkavu. Mgongo ndio unaokunyima raha, lakini kwangu mimi cha kushughulikiwa leo, kabla ya mgongo, ni vidonge.

Tuanze na ngiri, kwa sababu ikishatamkwa kijiweni haitoki. Ngiri ni utumbo au mafuta ya tumboni kupenya mahali palipolegea kwenye ukuta wa misuli, mara nyingi kinenani. Inaonekana na inashikika: uvimbe unaotokeza ukikohoa au ukinyanyua mzigo, na mara nyingi unarudi ndani ukilala chali. Haipandi mgongoni, wala haishuki hadi kidole gumba cha mguu. Anayesema alikunywa mizizi akapona mgongo huenda hadanganyi kuhusu nafuu. Maumivu ya diski hupanda na kushuka yenyewe, kwa hiyo dawa yoyote iliyomezwa wiki ya kushuka hujichukulia sifa. Ngiri ya kweli haiyeyushwi na kinywaji, inashonwa.

Figo nazo zinauma juu zaidi, ubavuni chini ya mbavu za mwisho, na hazijali umekaaje. Jiwe la figo huja kwa mawimbi makali yanayoelekea kinenani, mtu hatulii, anagaagaa. Maumivu yako yana njia yake: tako, nyuma ya paja, pembeni ya mguu, kidole gumba. Hiyo ni ramani ya mshipa mmoja wa fahamu, ule wa tano wa kiunoni. Ungekuwa wa chini yake, ganzi ingekwenda kwenye kisigino na kidole kidogo. Sukari pia hutia ganzi miguuni, lakini kwa kawaida miguu yote miwili, ikianzia vidoleni kama mtu aliyevaa soksi.

Sasa kwa nini kiti kimekufikisha hapo? Kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo kuna diski: nje ni pete ngumu ya nyuzi, ndani ni kitu kama ute mzito. Ukikaa umejikunja, kiuno kimetoka nyuma kama upinde, diski hubanwa mbele na ute kusukumwa nyuma, upande ule ule mishipa ya fahamu inakopita. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu. Inalishwa kwa kubanwa na kuachiwa, yaani kwa mwendo. Saa kumi na tano za kukaa ni kama kuinyima chakula huku umeikalia. Juu ya hapo kuna mtikisiko. Mwili wa mtu aliyekaa hutikisika pamoja na kiti vibaya zaidi pale mtikisiko unapofika mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na gari dogo kwenye barabara ya mashimo hutikisika humo humo. Shokapu zikichoka, uti wa mgongo wako unafanya kazi ya shokapu.

Kabla hujaendelea kusoma, vua viatu ufanye vipimo vitatu. Tembea hatua kumi kwa visigino, vidole vimeinuliwa. Kisha simama kwa mguu wa kulia peke yake, shika ukuta, inuka kwa ncha za vidole mara kumi, halafu ulinganishe na wa kushoto. Mwisho, ingia kwenye gari likiwa limezimwa, kanyaga breki kwa nguvu zako zote, haraka haraka, mara kumi. Ganzi peke yake ni mshipa unaolalamika. Udhaifu ni mshipa unaoshindwa kazi. Kama kidole gumba hakiinuki, mguu unaburuta, au mara ya sita ya breki mguu unasita, basi jibu la swali lako la mwisho ni hapana: usiendeshe mpaka daktari akuone, hata kama hesabu ya wiki itapungua. Huo ndio mguu wa breki. Mtoto akikatiza barabara pale Rangi Tatu, nusu sekunde ya kusita ni mita nyingi.

Na kuna dalili ambazo ukiziona unakwenda hospitali siku hiyo hiyo, iwe saa 8 usiku: ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, pale panapogusa tandiko la baiskeli, mkojo kushindwa kutoka, au kutoka bila taarifa, choo kukuponyoka, miguu yote miwili kulegea. Hapo diski imebana fungu zima la mishipa, na kila saa inayopita inapunguza uwezekano wa mishipa hiyo kurudi kama ilivyokuwa. Dereva aliyezoea kubana mkojo yuko hatarini kuipuuza dalili hii, akadhani ni uchovu tu wa siku.

Turudi kwenye vidonge. Diklofenaki inapunguza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, lakini kemikali hizo zina kazi nyingine mbili nzuri: kulinda ukuta wa tumbo, na kuweka wazi mishipa midogo inayoingiza damu kwenye figo pale mwili unapopungukiwa maji. Mtu aliyekunywa maji ya kutosha anaweza kumeza diklofenaki siku tano asidhurike. Wewe unakausha mwili makusudi kuanzia alfajiri, figo zinategemea ulinzi huo, kisha unameza kidonge kinachouondoa, asubuhi na jioni, kwa miezi miwili. Isitoshe, dawa hiyo hufanya mwili ushike chumvi na maji, hivyo presha inapanda. Sehemu ya hiyo 158 huenda umeinunua mwenyewe dukani. Sindano haikwepi lolote kati ya hayo. Ni dawa ile ile imepita njia nyingine.

Iache. Badala yake tumia parasetamoli, vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6 hadi 8, visizidi 8 kwa saa 24. Sitakudanganya: kwa maumivu ya mshipa wa fahamu parasetamoli ni dhaifu, na siku tatu za kwanza utaitamani diklofenaki. Soma nyuma ya paketi, kwa sababu kuna vidonge vinavyouzwa sana ambavyo ndani vimechanganya parasetamoli na diklofenaki, na muuzaji atakupa akidhani anakusaidia. Ibuprofeni nayo ni ndugu wa diklofenaki. Ukiona choo cheusi kama lami, usisubiri miadi, nenda hospitali. Daktari anaweza kukuandikia dawa za mishipa ya fahamu kama amitriptilini au gabapentini. Zinasaidia baadhi ya watu, lakini zinaleta usingizi, basi mwambie kabla hajaandika kwamba unaendesha. Hata piriton ya mafua ina tabia hiyo hiyo.

Presha. Ulipimwaje? Nakisia: umepaki, umeingia, umekaa, mkono ukafungwa, namba ikatoka. Na nakisia pia kwamba mkojo ulikuwa umejaa. Kibofu kilichojaa peke yake kinaweza kupandisha presha kwa milimita kumi na zaidi. Kahawa ya nusu saa iliyopita inapandisha, maumivu yanapandisha, kuongea unapopimwa kunapandisha, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha. Kwa hiyo pima upya hivi: jisaidie kwanza, usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla, kaa dakika 5 mgongo umeegemea na miguu haikupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kimya. Pima mara mbili, dakika moja katikati. Rudia siku nyingine mbili ndani ya wiki mbili, diklofenaki ikiwa imeachwa. Kituoni ikibaki 140 kwa 90 au zaidi, una presha. Ukipata mashine ya kupimia nyumbani, ya mkono wa juu na si ya kifundo cha mkono, kikomo ni 135 kwa 85. Ikifika 180 kwa 120 hiyo ni ya kuonwa siku hiyo hiyo, na ikiambatana na kifua kubana, mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kukwama, ni dharura: mwachie mtu mwingine usukani, usijipeleke mwenyewe.

Ikithibitika, usiogope vidonge vya presha, ila sema kazi yako. Wapo madereva wanaoanzishiwa dawa ya kukojoza, ikawasumbua kwenye foleni, wakaiacha kimya kimya, na baadaye wengine wanaletwa na kiharusi. Zipo dawa zisizokojoza. Amlodipini ni mojawapo, inamezwa mara moja kwa siku na bei yake ni ya kawaida. Kasoro yake kwa wengine ni kuvimba vifundo vya miguu. Hilo ni la kuzungumza na daktari, si la kuamua peke yako kijiweni.

Nimefika kwenye maji, na hapa najua utanibishia. Kibofu cha mtu mzima hubeba kama mililita 400 hadi 500, na hamu ya kwanza huja kikiwa hakijafika nusu. Kubana mara moja moja hakuui figo, hiyo ni chumvi ya kijiweni. Kinachoumiza ni mkojo kuwa mzito na kukaa muda mrefu kila siku: madini yanaganda yakawa mawe, na vijidudu vinapata muda wa kuzaana. Mkojo kuwasha au kuchoma kwa mwanamume wa miaka 43 unahitaji kipimo, usinunue tu antibayotiki. Kwa joto la Dar mtu wa kazi yako anahitaji lita 2 hadi 2.5, na zaidi Desemba hadi Machi. Kipimo chako ni rangi: ukifanana na maji yenye ndimu kidogo, sawa, ukifanana na chai ya rangi, umechelewa.

Utaratibu unaowezekana ni huu. Kunywa nusu lita mara tu unapoamka, huku unajiandaa; sehemu kubwa itatoka ndani ya saa moja au mbili, kabla foleni ya Kilwa Road haijakubana sawasawa. Baada ya hapo kunywa funda kadhaa kila unaposhusha abiria, si nusu lita kwa mkupuo mchana, maana mkupuo ndio unaojaza kibofu ghafla. Weka kichwani ramani ya vyoo kama unavyoijua ramani ya njia za kukwepa foleni: sheli, misikiti, stendi, maduka makubwa. Jisaidie ukipata nafasi, usingoje haja. Pesa ya choo cha kulipia iweke kwenye hesabu ya siku kama mafuta. Na chupa ya dharura yenye mdomo mpana na kifuniko kizuri haina ubaya wowote kitabibu, ila iwe ya rangi tofauti kabisa na ikae mbali na ya maji ya kunywa. Sababu naamini unaiona.

Kiti cha IST ya miaka mingi kimeshabonyea upande wa dereva. Sponji imekufa, nyonga zinazama chini ya magoti. Jaribu: ingiza mkono chini ya paja karibu na tako, kisha bonyeza kiti cha abiria ulinganishe. Fundi viti anabadilisha sponji siku moja, na ukipiga hesabu ya sindano za miezi miwili utaona ilikuwa rahisi. Halafu panga upya. Toa pochi na simu mfuko wa nyuma. Pochi nene inainua nyonga moja na kukandamiza tako lile lile linalouma. Sukuma makalio mpaka mwisho wa kiti. Sogeza kiti mbele hadi breki ikikanyagwa yote goti libaki limekunjika kidogo. Egemeo lilaze kidogo tu kupita wima. Ule mlalo wa kistaa, mkono mmoja juu ya usukani, ndio unaopinda kiuno. Ukinyoosha mkono, kifundo kifike juu ya usukani bila bega kuachia kiti. Mwisho, kunja kanga au taulo liwe na unene wa ngumi, uliweke usawa wa mkanda wa suruali. Si juu zaidi. Likikuudhi baada ya nusu saa, punguza unene, usilitupe. Upepo wa matairi ufuate kibandiko kilichoko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kuzidisha "ili gari liwe jepesi" kunageuza kila shimo kuwa rungu la kiuno.

Kila ukishusha abiria na mahali ni salama, toka. Geuza miguu yote miwili nje kwanza ndipo usimame, usijisokote. Weka viganja kiunoni, jipinde nyuma taratibu mara kumi, tembea dakika mbili. Angalia maumivu yanakwenda wapi: yakirudi juu kuelekea mgongoni, hata kama mgongo unauma zaidi, ni dalili nzuri, yakishuka zaidi mguuni, acha zoezi hilo. Kijiweni simama. Mnatoka kwenye kiti kupumzika, mnakaa kwenye benchi kucheza drafti, mgongo haujui tofauti. Na abiria wa Kariakoo mwenye viroba asikutoe kwenye kiti moja kwa moja hadi kwenye buti. Diski iliyokaliwa muda mrefu ni laini kwa kuumia. Simama dakika mbili, jipinde nyuma, ndipo unyanyue, mzigo ukiwa karibu na tumbo. Wiki hizi mwombe abiria au kijana aliyepo akupakilie.

Kuhusu saa za kazi, kutoka saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku ni saa 17. Mtu aliyekaa macho saa 17 huendesha kama aliyekunywa pombe kiasi, hata kama hajanusa kitu. Siwezi kukuambia upunguze nusu ya siku huku bosi anasubiri hesabu yake. Lakini mchana kati ya saa 7 na saa 9 abiria ni wachache na mafuta yanaungua bure. Paki kivulini, zima injini, fungua vioo, lala dakika 20, zisizidi sana usije ukaamka mzito. Kikombe cha kahawa kabla tu ya kufumba macho huanza kufanya kazi unapoamka, na kinafaa kuliko kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu lenye sukari. Usilale ndani ya gari lililofungwa na injini ikiwaka kwa ajili ya AC. Moshi wenye sumu hauna harufu ya kukuamsha. Kama unakoroma sana na mkeo anasema pumzi inakatika usingizini, litaje kwa daktari, kwa sababu hilo linapandisha presha na kusinzisha barabarani. Siku moja kwa wiki mpe gari deiwaka, dereva wa kukushikia zamu.

Chakula nitagusa kidogo tu: chips mayai ya saa 4 usiku na soda havikusaidii, na soda ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko vinane vya chai. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyoko kwenye supu.

Vipimo vyako vinne vipime sasa: sukari kabla ya kula (7.0 na kuendelea, ikirudiwa siku nyingine ikawa hivyo hivyo, ni kisukari), kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo), mkojo, na presha kama nilivyoeleza. Kituo cha afya kinatosha kuanzia, na wakikuona unahitaji zaidi kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, na MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, kwa rufaa. Usikimbilie picha. Eksirei haionyeshi diski wala mshipa wa fahamu. Inaonyesha mifupa, na mtu wa miaka 43 hakosi kitu cha kuonyeshwa kwenye mifupa akatishika. Kipimo kinachoonyesha diski ni MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, nacho kinafaa kama kuna udhaifu, dalili za hatari, au wiki sita hadi nane za matunzo mazuri zimepita bila mabadiliko. Wewe miezi miwili imepita, lakini haikuwa ya matunzo; ilikuwa ya kuzima maumivu na kurudi kwenye kiti kile kile. Wengi wa aina yako hupata nafuu kubwa ndani ya wiki sita hadi kumi na mbili bila kisu, wakiwa wanatembea na si kulala kitandani. Upasuaji upo na hutuliza mguu haraka zaidi, ila kwa wasio na udhaifu, baada ya mwaka mmoja au miwili waliopasuliwa na wasiopasuliwa huwa hawapishani sana.

Siku ya kwenda, beba paketi zote za vidonge ulivyomeza miezi hii, andika sindano ulizochomwa na tarehe unazokumbuka, na kama mizizi umeshaionja, beba na hiyo chupa.